Anayeanza kujifunza data: SQL kwanza au dashibodi kwanza?

Wanaomshauri anayeanza aende moja kwa moja kwenye Power BI, programu ya Microsoft ya kutengeneza dashibodi (kurasa za chati na takwimu), wana hoja nzito. Power BI Desktop ni ya bure, mhasibu aliyezoea Excel haoni ugeni mkubwa, na jioni hiyohiyo anaweza kuwa na chati ya mauzo ya kumwonyesha bosi. Kwa upande mwingine, wengi wanaoanza na SQL, lugha ya kuuliza maswali kwenye kanzidata yenye majedwali ya data, hukwama kwenye majedwali ya wanafunzi wa kubuni, hawajibu swali hata moja linalowahusu, mwisho wanaacha. Tatizo ni kwamba Power BI Desktop inataka Windows, na kusambaza ripoti ofisini kwa kawaida kunadai leseni ya kulipia. Matangazo ya kozi hulipita hilo kimyakimya.

SQL ni ya zamani. Donald Chamberlin na Raymond Boyce waliitangaza mwaka 1974 wakiwa IBM, wakijenga juu ya wazo la Edgar Codd la mwaka 1970 la kupanga data katika majedwali yanayohusiana. Haijapitwa: hata DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika Tanzania na Kenya, huhifadhi data zake kwenye PostgreSQL, programu ya kanzidata inayotumia SQL.

Lakini umri si sababu ya kuisoma. Sababu ni makosa yasiyopiga kelele. Chukua duka la vifaa vya ujenzi lenye jedwali la mauzo na jedwali la malipo. Mteja kachukua mabati ya shilingi 900,000, akalipa kwa simu mara tatu, 300,000 kila awamu. Ukiyaunganisha majedwali hayo kwa namba ya ankara, mstari wa mauzo unajirudia mara tatu. Ukijumlisha safu ya mauzo unapata 2,700,000. Hakuna onyo lolote. Kosa hilo linawezekana pia ndani ya Power BI ukiunganisha majedwali kwenye Power Query, sehemu ya kuandaa data iliyomo pia katika Excel, ila huko tayari limevaa rangi nzuri na bosi ameshalipigia makofi. Kwenye SQL mistari iko mbele ya macho yako: unaiona ankara moja mara tatu, unajiuliza kulikoni.

Kwa hiyo mimi niko upande wa SQL kwanza, ila kwa kiasi. Kuchagua, kuchuja, kujumlisha kwa makundi na kuunganisha majedwali kunatosha kabla ya kugusa dashibodi. Mambo ya kusimamia seva yasubiri. Tumia SQLite, programu ndogo ya SQL isiyohitaji seva, ambayo kanzidata yake nzima ni faili moja, na uingize daftari la duka unalolijua, maana hapo jibu likiwa la ajabu utashtuka.

Nisingemshauri hivyo mtu ambaye kazi yake yote iko kwenye mafaili ya Excel na ripoti inatakiwa Ijumaa. Huyo aanze na Power Query, na kila baada ya kuunganisha ahesabu mistari: ilikuwa mingapi, sasa ni mingapi.