Kilinge Bila Mganga

Juma lililopita jamaa yangu mmoja alinitumia tangazo la kozi ya mtandaoni kuhusu "dawa za mimea zinazoleta maono", akaniuliza kama yafaa ajiandikishe. Kozi hiyo ina masomo kumi na mawili, na matatu kati yake yanahusu iboga, kichaka cha Gabon ambacho gome la mzizi wake huleta maono. Niliipitia orodha ya walimu mara mbili nikidhani miwani yangu ina kasoro: yumo mwanasaikolojia, yumo mkemia, yumo mshauri wa biashara aliyekula iboga mara moja "na maisha yake yakabadilika". Mgabon hayumo hata mmoja, isipokuwa yule wa kwenye picha ya tangazo, uso umepakwa chokaa, kinubi mkononi, jina hana.

Iboga haikuokotwa njiani. Wamitsogo wa Gabon, ambao wenyewe husimulia kwamba watu wa msituni ndio waliowatangulia kuijua, wamejenga elimu nzima kuzunguka gome la mzizi wa kichaka hicho, na Wafang walipoipokea Bwiti, yaani dini hiyo ya iboga, wakaiongezea yao, hata mambo ya Kikristo. Anayeingizwa huitwa banzi, na kwa sisi tuliokulia penye jando na unyago maelezo marefu hayahitajiki, kwa kuwa banzi ni mwali. Ana wazazi wa kumlea ndani ya kilinge, ana watu wa kumwangalia anavyopumua usiku kucha, na ngombi, kinubi cha nyuzi 8, hakinyamazi, maana sauti yake ndiyo kamba anayoishika asije akapotelea huko aliko. Hutakiwa aeleze anachokiona, mbele ya wazee wanaojua kutenganisha maono na porojo. Mwenye kuyasimamia yote hayo huitwa nganga. Litamke neno hilo polepole, kisha uniambie kama unamhitaji mkalimani.

Hiyo ndiyo shule, nayo ina walimu, ina madaraja na ina mtihani ambao mtu haufanyi kwa kubofya. Katika kozi ya jamaa yangu, shule nzima hiyo imebanwa ndani ya kipindi kimoja cha dakika ishirini kiitwacho "muktadha wa kitamaduni", baada ya hapo wanafunzi wanaingia kwenye kemia na namna ya "kuweka nia". Ni sawasawa na kufundisha unyago kwa kuonyesha kanga.

Wala tabia hii haikuanza na mtandao. Ufaransa, ambayo wamisionari wake waliipiga vita Bwiti huko koloni, ndiyo iliyouza madukani vidonge vya kuchangamsha mwili vilivyotokana na mmea wa jamii hiyo hiyo kuanzia mwaka 1939, na jina la vidonge likawa Lambarène, mji wa Gabon. Mpagani akiitafuna gome ni mshenzi. Mfamasia akiiweka ndani ya chupa ni ustaarabu. Kisha mwaka 1962, mjini New York, kijana wa miaka 19 aitwaye Howard Lotsof, mraibu wa heroini, alimeza ibogaini, kemikali itokanayo na iboga, akashangaa kwamba arosto haikumjia. Simsemi vibaya, kwa kuwa alihangaika miaka mingi kuwatafutia njia mateja wenzake. Lakini hataza aliyoipata mwaka 1985 ya kutumia ibogaini dhidi ya uraibu huo ilisajiliwa Marekani, na kule kilingeni hakuna aliyebisha hodi kuuliza. Gabon ilitangaza iboga kuwa urithi wa taifa mwaka 2000. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inadai wenye mmea na wenye elimu yake wagawiwe faida. Marekani, ambayo jimbo lake la Texas lilitenga dola milioni 50 mwaka 2025 kwa ajili ya utafiti wa ibogaini, haijairidhia itifaki hiyo.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba mkemia ana lake la kusema. Ibogaini huvuruga mapigo ya moyo, watu wamekufa, na ngombi haiwezi kufanya kazi ya kipimo cha umeme wa moyo. Nilimwambia hivyo hivyo mama mmoja jirani yetu, ambaye mwanawe alizama kwenye unga na sasa anakwenda kunywa methadoni kila asubuhi, aliponiuliza kama ile "dawa ya Gabon" inauzwa Dar. Nilimsihi asiiguse, kwa sababu methadoni nayo inaugusa moyo, na kuzichanganya dawa hizo mbili ni kutafuta jeneza. Alinisikiliza, akanyamaza, kisha akauliza kwa nini basi Wazungu wanaifundisha na kuwalipisha watu.

Na sisi tusijitakase. Jamaa yangu huyu huyu, mtu wa ibada na mwenye shahada, hapiti karibu na kibao cha mganga bila kutema mate, na neno "mshirikina" haliko mbali na ulimi wake. Mganga yule yule akipigwa picha, akaandikwa kwa Kiingereza, akapewa bei ya dola, amegeuka kuwa "hekima ya mababu", na jamaa yangu anatafuta kadi ya benki. Ningefurahi zaidi kama angeendelea kutema mate, maana angalau ningejua msimamo wake.

Niliwaandikia waandaaji barua fupi ya adabu, nikauliza swali moja: ni nani kati ya walimu wao ambaye ni nganga, na katika ada wanayotoza, ni kiasi gani kinarudi Gabon? Walinijibu siku iyo hiyo, kwa uchangamfu mkubwa, kwamba nikijiandikisha kabla ya Ijumaa nitapunguziwa asilimia kumi.