Lawama za Gretna si za tajiri peke yake

Aprili 5, 2008, mechi ya Ligi Kuu ya Uskoti kati ya Gretna na Inverness Caledonian Thistle ilitazamwa na watu 431. Hao ni pamoja na mashabiki wa wageni. Hadi siku hiyo, ligi hiyo haikuwahi kuona mechi yenye watu wachache hivyo. Tena Gretna ndio waliokuwa wenyeji, ila wenyeji wa kukodi: walicheza Fir Park, uwanja wa Motherwell, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini kwao.

Miaka miwili nyuma, timu hiyohiyo ilikuwa Hampden, uwanja wa taifa wa Uskoti, mbele ya watu zaidi ya 50,000, ikicheza fainali ya Kombe la Uskoti.

Gretna ni mji mdogo wa Uskoti, mpakani na Uingereza (England), wenye watu wasiofika 3,000. Umaarufu wake ni wa harusi. Mwaka 1754 sheria ya Uingereza ilianza kuwabana vijana wa chini ya miaka 21 waliotaka kuoana bila ridhaa ya wazazi, basi wapenzi wakawa wanatoroka na kuvuka mpaka hadi Gretna Green, ambako mhunzi aliweza kuwafungisha ndoa. Klabu ya mpira, iliyoanzishwa 1946, nayo ilivuka mpaka, ila kwa kuelekea upande wa pili: kwa miongo mingi ilicheza katika ligi za Uingereza. Ilirudi kucheza kwao mwaka 2002, na iliingia kwa mlango wa msiba. Airdrieonians, klabu ya tangu 1878, ilikuwa imekufa kwa madeni. Nafasi ikabaki wazi kwenye ligi ya taifa, Gretna wakapigiwa kura.

Hapo ndipo anapoingia Brooks Mileson, mfanyabiashara wa Sunderland aliyetajirikia kwenye bima. Kwa pesa zake, Gretna wakaanza kusajili wachezaji ambao timu ya Daraja la Tatu, ngazi ya chini kabisa ya ligi ya taifa, haikupaswa hata kuwaota. Msimu wa 2004-05 walichukua ubingwa wa daraja hilo kwa pointi 98 na mabao 130 katika mechi 36. Mshambuliaji wao Kenny Deuchar, ambaye kazi yake nyingine ilikuwa udaktari, alifunga mabao matatu au zaidi katika mechi moja mara sita msimu huo. Mwaka uliofuata wakabeba Daraja la Pili na kufika fainali ya kombe. Hakuna timu ya daraja hilo iliyowahi kufika huko. Hearts, timu ya Ligi Kuu, walihitaji mikwaju ya penalti kuwashinda, 4-2, baada ya sare ya 1-1. Aprili 2007, siku ya mwisho ya msimu, St Johnstone walikuwa wameshamaliza mechi yao na kujihesabu mabingwa wa Daraja la Kwanza, mpaka James Grady wa Gretna alipofunga dakika za nyongeza kule Dingwall, nyumbani kwa Ross County. Gretna 3, Ross County 2. Misimu mitatu, madaraja matatu.

Kisha Mileson akaugua, pesa zikakatika. Machi 12, 2008 klabu iliwekwa chini ya wasimamizi wa madeni na kupokonywa pointi 10. Ikashuka daraja. Juni 3 ikajiondoa kwenye ligi, na kufikia Agosti ilikuwa imefilisiwa rasmi, ikiacha deni linalokaribia pauni milioni 4. Mileson mwenyewe alifariki Novemba mwaka huohuo.

Wanaomlaumu wana hoja nzito. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa aliyetegemea alikuwa mji mzima. Mishahara haikulipwa na viingilio, haki za televisheni wala mauzo ya wachezaji. Ililipwa na mtu mmoja, mwezi kwa mwezi, kwa kadiri ya afya yake na moyo wake. Tena kuna dhuluma isiyosemwa sana: waliofungwa na Gretna. Peterhead walimaliza pointi 20 nyuma yao mwaka 2005. Ross County walishuka daraja siku ile ya bao la Grady. St Johnstone walibaki chini. Timu zilizoishi kwa kipato chao zilishindwa na timu iliyoishi kwa hisani, na hisani ilipokwisha hakuna aliyewarudishia misimu yao. Ongeza wadai, watu waliotoa huduma na bidhaa wakaishia kupanga foleni kwa mfilisi, na wafanyakazi waliopoteza ajira.

Hayo yote nayakubali. Lakini sikubali hitimisho linalofuatia, kwamba pangekuwa heri Mileson asingekuja. Watu wa Gretna hawakwenda kumwomba mtu awapeleke Hampden, na alipowapeleka, walifika kweli. Mji huo uliotengewa kazi ya harusi za watu wengine ulipata siku yake yenyewe. Agosti 2006 walicheza hata Kombe la UEFA, ingawa Derry City waliwachapa 5-1 katika mechi ya kwanza. (Hiyo nayo ilikuwa Fir Park. Uwanja huo haukuwaletea heri mara nyingi.)

Swali langu kwa wanaolaumu ni hili: kwa nini tunamuuliza mtoaji tu, hatuwaulizi waliokaa langoni? Ligi Kuu ilidai uwanja wenye viti 6,000. Raydale Park, uwanja wa Gretna, haikukaribia idadi hiyo, na mji wenyewe ukihamia jukwaani wote, watoto na wagonjwa, nusu ya viti vingebaki vitupu. Kanuni hiyo ilikuwa na maana kwa Aberdeen au Hibernian. Kwa Gretna ilimaanisha kwamba zawadi ya kupanda daraja ni kunyang'anywa nyumbani. Klabu iliyokuwa na mashabiki wachache ikaambiwa icheze mahali ambapo hata hao wachache ni shida kufika. Wale 431 tunaowacheka hawakutokana na mji usiopenda timu yake.

Ligi ilipima viti kwa makini kuliko ilivyopima mfuko. Mtu yeyote aliyesoma hesabu za klabu angeona kwamba chanzo cha pesa ni kimoja na kina uhai wa binadamu. Bado milango ilifunguliwa, maana hadithi ya Gretna ilikuwa tamu na magazeti yaliipenda. Mambo yalipoharibika, ligi ikalazimika kutoa pesa ili timu iweze kumaliza ratiba.

Mileson naye ana deni lake hapo, na kwangu ndilo kubwa kuliko la usajili. Akiwa na afya na pesa, angeweza kuweka kando fungu la kuilinda klabu, au kujenga uwanja kwanza na kupanda daraja baadaye. Alichagua kasi. Pengine alijua muda wake ni mfupi, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumwambia asubiri.

Nafasi ya Gretna kwenye ligi ilichukuliwa na Annan Athletic, jirani zao, kama wao walivyochukua ya Airdrieonians. Annan hawakuwa na tajiri wa aina ile. Iliwachukua miaka 15 kupanda daraja moja, mwaka 2023. Mashabiki wa Gretna walianzisha klabu yao wenyewe, Gretna 2008, wakaanza upya ligi za chini na hatimaye wakarudi Raydale Park. Ukimwuliza shabiki wa Annan na wa Gretna nani alifaidi zaidi, sidhani kama watajibu sawa, na sidhani kama mmoja wao atakuwa anadanganya.

Katika fainali ya 2006, iliyochezwa Mei 13, penalti ya mwisho ya Gretna iligonga mwamba. Mpigaji alikuwa Gavin Skelton. Mei 13, 2008, Gretna walicheza mechi yao ya mwisho kabisa, wakiwa tayari wameshuka, mpinzani akiwa Hearts. Walishinda 1-0. Mfungaji, Skelton.