Oda ya mzigo usiokuwepo ni deni, si mauzo

Bidhaa imeisha, mteja anakubali kulipa na kusubiri, muuzaji anachekelea: kauza. Mimi naona bado. Mpaka mzigo umfikie mteja, pesa zile ni zake, na hata mhasibu huziandika upande wa madeni.

Ukilianza jambo kwa mtazamo huo, kitu cha kwanza kuogopa ni tarehe. Msambazaji akisema wiki mbili, muuzaji naye anasema wiki mbili, kwa hofu kwamba akitaja tatu mteja atakwenda kwingine. Wapo watakaokwenda, kweli. Lakini aliyeambiwa wiki tatu akaletewa siku ya 18 atafurahi, na aliyeambiwa wiki mbili akaletewa siku hiyohiyo ya 18 keshapiga simu mpaka amechoka. Angalia mizigo iliyopita ya msambazaji huyo, kisha ahidi kwa kipimo cha ule uliochelewa zaidi.

Tarehe ikisogea, mwambie mteja kabla hajauliza. Marekani hilo si hisani: kwa kanuni iliyotolewa mwaka 1975 kuhusu bidhaa zinazoagizwa kwa mbali, muuzaji asiyetaja muda anahesabiwa siku 30, na akichelewa lazima ampe mteja nafasi ya kufuta oda na kurudishiwa pesa zake. Ujumbe wenyewe uwe mfupi: "Mzigo uliokuwa ufike tarehe 10 sasa utafika tarehe 19. Usipotaka kusubiri, tujulishe tukurudishie pesa zako zote." Ile "samahani kwa usumbufu" isiyo na tarehe heri isitumwe kabisa.

Mtihani hasa ni siku mzigo unaposhuka. Vimeingia vipande 40, wanaosubiri wanadai 55, na mbele yako kasimama mtu mgeni na pesa taslimu, anataka vitano. Wengi humuuzia. Wanasema waliokwisha kulipa hawana pa kwenda, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kuwapa wao kwanza! Gawa kwa kufuata tarehe ya oda. Aliyeagiza vingi anaweza kupewa nusu akiridhia, ila nauli ya nusu ya pili ni juu yako.

Oda za namna hii zikizidi, tatizo liko kwenye hesabu ya kuagiza. Ukiuza vipande 6 kwa siku na mzigo unachukua siku 14 kufika, ukingoja vibaki 30 ndipo uagize, umeshachelewa. 84 vitauzwa mzigo ukiwa njiani, kabla hujaongeza akiba ya tahadhari.

Na bidhaa ambayo msambazaji hajaitolea tarehe usiipokelee pesa. Andika jina na namba ya simu, mzigo ukiingia umpigie. Baadhi watakuwa wameshanunua kwingine, lakini angalau hutakuwa na pesa za mtu za kurudisha.