Mtandio: Anayelazimisha Kuvaa na Anayelazimisha Kuvua

Mahsa Amini alikuwa na miaka 22 polisi wa maadili walipomkamata Tehran, Iran, Septemba 2022, wakidai hijabu yake haikukaa sawasawa. Siku tatu baadaye alifariki hospitalini. Mwaka uliofuata, mwezi uleule, Ufaransa ilifungua shule zake za serikali kwa amri mpya: mwanafunzi aliyevaa abaya asiingie darasani mpaka aivue. Kifo na kurudishwa nyumbani havina uzito mmoja, na sitaki nieleweke hivyo. Ila serikali zote mbili zilijipa haki ya kuamua kichwa na mwili wa mwanamke vifunikwe kiasi gani.

Iran yenyewe imepita njia zote mbili. Januari 1936 Reza Shah alipiga marufuku hijabu, na askari wakawa wanawavua wanawake shela barabarani. Wapo waliojifungia majumbani ili wasionekane vichwa wazi. Baada ya mapinduzi ya 1979 amri ikageuka, na sheria ya 1983 ikaweka adhabu ya hadi viboko 74 kwa asiyejifunika. Bibi aliandamwa kwa kuvaa, mjukuu akaandamwa kwa kutovaa.

Watetezi wa marufuku wana hoja nzito. Wanasema binti anayetishwa na baba au kaka zake hana hiari yoyote, basi shule na iwe mahali pa kupumulia. Ni kweli. Hata kwetu wapo wasichana wanaotoka nyumbani wamejifunga ushungi, wakifika stendi wanautia mkobani, na wakikaribia mtaani jioni wanajifunga tena harakaharaka. Lakini tazama sheria ya namna hiyo inamwadhibu nani. Kaka mwenye vitisho hapotezi hata kipindi kimoja cha masomo. Anayefungiwa geti ni dada yake, pamoja na mwenzake aliyevaa kwa mapenzi yake mwenyewe.

Wa upande wa pili watasema: hii si amri ya mwanamume, ni ya Mwenyezi Mungu. Anayeamini kwamba stara ni faradhi ana haki ya kuamini hivyo, kuifuata na kuihubiri. Ninachokipinga ni fimbo. Katika Sura ya An-Nur, aya ya 30 inawaambia wanaume kwanza wainamishe macho yao. Wanawake wanafuata katika aya ya 31. Mawaidha mangapi tumesikia yakiiruka ya kwanza na kukita kwenye ya pili, huku vijana wa barazani wakiachiwa macho yao? Hapo ndipo kumdharau mwanamke kunapovishwa joho la dini: tamaa ni ya mwanamume, lawama anabebeshwa mwanamke.

Wala dini si lazima iwepo. Mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ulipotangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na mawigi, wanaume waliwavamia wanawake Kariakoo, Dar es Salaam, kwa jina la utamaduni wa taifa.

Kinachonisikitisha zaidi ni wale wanaodhani kila kichwa kilichofunikwa kimeonewa. Pwani yetu ina historia nyingine. Enzi za utumwa Unguja, mjakazi hakuruhusiwa kujifunika kama bibi aliyemmiliki. Alivaa kaniki au merikani, kichwa wazi, ajulikane kuwa ni mtumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliopata uhuru waliikimbilia kanga, na baadaye buibui. Kwao, kujifunika kulikuwa kukataa kutazamwa kama mali ya mtu. Mjukuu wao akikuambia leo kwamba ushungi ni heshima yake, usimjibu kwamba hajijui.

Kenya nayo imelipeleka suala hili mahakamani. Shule moja ya sekondari Isiolo, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodist, ilivutana na wazazi waliotaka binti zao Waislamu waongeze hijabu nyeupe na suruali nyeupe kwenye sare. Kanisa lilisema sare ndiyo inayowaweka wanafunzi sawa. Mahakama Kuu ikaliunga mkono mwaka 2015. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikiona kwamba kanuni moja kwa wote yaweza kumbagua mmoja. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo kwa sababu za utaratibu wa jinsi ombi la mzazi lilivyowasilishwa. Mimi naona Mahakama ya Rufani ndiyo iliyoona mbali. Kitambaa cheupe hakimzuii mtoto kujifunza hesabu; kumfukuza ndiko kunakomzuia.

Hata hivyo, katika kesi ile kanisa lilikuwa upande mmoja, na upande wa pili baba aliyesimama kwa niaba ya binti zake. Bodi za shule zinazotunga kanuni za sare zianze kwa kumuuliza msichana mwenyewe, baba hayupo na mwalimu mkuu hayupo. Na akibadili nia muhula ujao, avae au avue bila kuandikiwa barua ya onyo.