Wasps: Mabingwa wa netiboli waliozikwa na deni la raga

Timu ya wanawake ikifungwa, maelezo huwa tayari mfukoni: haikuwa na watazamaji, haikuingiza fedha, ingeishije? Kuhusu Wasps ya netiboli maelezo hayo nimeyasikia mara nyingi, na kila mara hubaki nikijiuliza kama msemaji amewahi kutazama orodha ya mabingwa.

Wasps iliingia Superleague, ligi kuu ya netiboli ya Uingereza, msimu wa 2017. Ikatwaa ubingwa mwaka huohuo. Ikautwaa tena 2018. Mwaka 2019 ikafika fainali ya tatu mfululizo, ikafungwa na Manchester Thunder. Msimu wa 2020 ulivunjwa na korona. Oktoba 2022 klabu mama ya raga ikaanguka, na ligi ya 2023 ilipoanza, zilizokuwa timu 11 zikawa 10, Wasps haimo. Miaka sita tu, na mitatu ya kwanza yote fainali.

Ubingwa ule ulitengenezwa na watu wa netiboli. Tamsin Greenway, aliyeiongoza timu, alikuwa ametoka kuchukua makombe mawili na Surrey Storm, 2015 na 2016. Rachel Dunn, mfungaji wake, naye alitoka Storm. Katika netiboli wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, wa nafasi za GS (mfungaji) na GA (mshambuliaji), na lazima wawe ndani ya nusu duara. Ukishaudaka mpira una sekunde tatu, mguu uliotua nao hauruhusiwi kuuinua na kuukanyaga tena, na mlinzi amekunyooshea mkono usoni. Dunn alikuwa mjanja wa nafasi. Alikuwa akipata nafasi kwa kujua lini aende na lini asubiri, na mpira wenyewe ulimfikia kutoka kwa watu kama Bongiwe Msomi, aliyewahi kuwa nahodha wa Afrika Kusini, aliyekuwa Wasps mwaka 2017. Upande wa pili wa fainali zile mbili za ushindi ilikuwa Loughborough Lightning, na mfungaji wao alikuwa Mganda, Peace Proscovia, aliyewahi kuwa nahodha wa She Cranes, timu ya taifa ya Uganda. Kumzuia Proscovia karibu na pete ni kazi wanayoijua vizuri walinzi wa Afrika Mashariki. Wasps waliifanya fainali mbili.

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndiko timu ilikofia.

Mwaka 2014 klabu ya raga ya Wasps, iliyoanzishwa 1867, ilihamia Coventry na kujitwika uwanja wa watu wapatao 32,000. Mwaka uliofuata ikauza hatifungani za pauni milioni 35, riba asilimia 6.5, mtaji wenyewe urudishwe Mei 2022. Nimekaa na kalamu. Riba peke yake ni pauni 2,275,000 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365 unapata zaidi ya pauni 6,200 kila kunapokucha, mvua au jua, mechi iwepo isiwepo. Na bado hujagusa hata senti ya mtaji. Mei 2022 ikafika, milioni 35 hazikuwepo. Miezi michache baadaye mamlaka ya kodi ikabisha hodi ikidai takriban pauni milioni 2, yaani pungufu ya riba ya mwaka mmoja. Tarehe 17 Oktoba 2022 kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi na watu 167 wakapoteza kazi siku hiyohiyo.

Katika hesabu hiyo, nionyesheni netiboli iko wapi. Wachezaji wa ligi ile walikuwa nusu kulipwa. Wengi walikuwa na kazi nyingine mchana, mazoezi jioni. Hata wangecheza bure miaka yote sita, uwanja ungebaki na deni lake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wataniambia. Sawa, lakini ndugu mwenyewe alikuwa anategemea cha watu.

Upande wa pili una hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Bila raga, timu hii isingezaliwa. Jina la Wasps lilifungua milango ambayo jina jipya la netiboli lingeigonga miaka kumi: lilikuwa na wadhamini, ofisi ya tiketi na mashabiki waliokwisha kuzoea kuvaa nyeusi na dhahabu. Greenway hakuacha timu bingwa kwenda kwenye kibanda. Anayesema netiboli ijitegemee kabisa atuambie fedha za ukumbi na za madaktari zitoke wapi. Na mzazi anapofilisika, watoto wote huathirika. Raga ya wanaume nayo ilianguka siku ileile.

Nakubali. Ila hoja hiyo inadhani kwamba hatari ya timu ya netiboli ni mlezi maskini tu. Tazama Australia. Collingwood ya Melbourne, klabu ya mpira wa miguu wa Kiaustralia yenye wanachama zaidi ya 100,000, ilianzisha timu ya netiboli iliyoingia ligi mwaka huohuo wa 2017. Geva Mentor, mlinzi wa Uingereza, alichezea hapo. Haikuwahi kufika fainali kuu, hilo ni kweli. Mwaka 2023 klabu ikaamua kuifunga, na Septemba mwaka huohuo wanaume wa Collingwood wakatwaa ubingwa wa nchi. Coventry mlezi alikuwa hana kitu, Melbourne mlezi alikuwa kileleni, na katika miji yote miwili uamuzi ulikuwa wa mtu mwingine.

Kuna mfano mmoja unaonisumbua, na ni haki niutaje. Severn Stars, iliyoingia ligi pamoja na Wasps, ilikuwa ikilelewa na Chuo Kikuu cha Worcester. Klabu ya raga ya mji huo, Worcester Warriors, iliporomoka Septemba 2022, wiki chache kabla ya Wasps. Stars haikutikisika, iliendelea kucheza, kwa sababu mkoba wake ulikuwa kwingine. Hapo nilitaka kupiga makofi. Lakini ligi ilipopangwa upya kwa msimu wa 2025 ili iwe ya kulipwa zaidi, zikachaguliwa timu 8 tu na jina la Stars halikuwemo. Nottingham Forest, jina la klabu ya soka, lilikuwemo.

Kwa hiyo majina makubwa yatazidi kuingia, na siombi yafukuzwe. Ninachotaka ni kifungu kimoja kwenye mkataba: klabu mama ikianguka au ikichoka, leseni na mishahara ya msimu unaofuata viwe vimewekwa mahali ambapo wadai wake hawafiki. Wasps ilianguka Oktoba, ligi ilianza Februari. Miezi minne ingetosha kumtafuta mlezi mwingine wa timu iliyokuwa na makombe mawili kabatini.