Waniache na Opera Yangu ya Kochini

Kuna watu wakishaingia ukumbi wa opera mara moja tu, hawashikiki tena. Juzi mmoja wao alinikuta nasimulia Aida, opera ya Verdi niliyoitazama nyumbani kwenye skrini, akanikata kauli kabla sijafika hata tendo la pili. Hiyo si opera, akasema, hiyo ni video. Ati opera hasa ni kukaa kwenye kiti cha mahameli, kusikia okestra ikipasha ala, na sauti ikufikie kutoka kifuani mwa mwimbaji bila waya wala spika. Wengine mezani wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikanyamaza kwa adabu. Adabu imekwisha, sasa naandika.

Tuanze na historia, maana hapo ndipo hoja yake inapochechemea. Mwaka 1902 Enrico Caruso, mwimbaji wa opera wa Italia, aliimba mbele ya pembe la mashine ya kurekodi, ndani ya chumba cha hoteli mjini Milan. Santuri zile zilimfikisha majumbani kwa watu ambao wasingekanyaga La Scala, ukumbi mkuu wa opera wa Milan, maisha yao yote. Siku ya Krismasi mwaka 1931, Metropolitan Opera ya New York ikarusha redioni opera ya Hänsel und Gretel nzima, na tangu hapo kuna watu waliojifunza opera Jumamosi mchana huku wanapiga pasi. Anayetaka kutufukuza sisi wa kochini awafukuze na hao. Amfukuze na Pretty Yende, yule soprano, yaani mwimbaji wa sauti ya juu ya kike, wa Afrika Kusini. Alisikia opera kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 16, kwenye runinga ya nyumbani kwao, katika tangazo la shirika la ndege. Kilikuwa kipande cha opera ya Lakmé, sauti mbili za kike, basi. Mwaka 2013 alikuwa anaimba juu ya jukwaa la Metropolitan lenyewe. Tangazo la ndege, jamani! Wala si onyesho zima.

Lakini historia tuiache. Kinachoniwasha ni dhana kwamba ninachopata nyumbani ni makombo ya karamu ya wenye tiketi.

Katafute ile Aida ya tarehe 3 Januari 1985, usiku soprano Leontyne Price alipoaga jukwaa la opera pale Metropolitan na runinga ikarusha moja kwa moja. Nenda hadi tendo la tatu, ukingoni mwa mto Nile. Aida, mateka huko Misri, yuko peke yake, anaiwaza Ethiopia ambayo anajua haioni tena. Wimbo wenyewe, O patria mia, ni mtego: unapanda polepole hadi noti moja ya juu ambayo waimbaji huiogopa, na kuifikia kwa kupiga kelele hakusaidii kitu, inataka pumzi na utulivu. Price ana miaka 57. Anaifikia. Wimbo unakwisha, ukumbi unalipuka, makofi hayataki kukoma, na kamera imemng'ang'ania usoni. Unamwona anavyopigana abaki kuwa Aida. Unaona midomo inataka kumsaliti, macho yanajaa, na kwa muda hujui anayeaga ni binti mfalme wa Ethiopia au ni mwanamke mweusi wa Mississippi anayeiacha kazi ya maisha yake.

Sasa niambieni, aliyekaa ghorofa ya juu kabisa usiku ule aliona nini? Ukumbi ule una viti zaidi ya 3,000. Aliona nguo imesimama. Alisikia, sikatai, na najua sauti ile hewani ilikuwa na uzito wake. Ila ule uso hakuuona. Mimi nimeuona, na kesho nikitaka nauona tena.

Na utamu wote uko hapo kwenye kuona tena. Ukumbini noti ikipita imepita, huwezi kumpungia mkono kiongozi wa okestra umwombe arudie kidogo. Nyumbani nimewahi kukesha na kipande kimoja tu cha Rigoletto, opera nyingine ya Verdi, pale wanapoimba wanne katika tendo la tatu. Ndani ya kilabu cha pombe Mtawala wa Mantua anambembeleza Maddalena. Nje, gizani, Gilda anachungulia kwenye ufa na kumwona mwanamume anayempenda akitoa maneno yaleyale kwa mwingine, na baba yake, Rigoletto mwenyewe, yuko kando anapanga kisasi. Wote wanaimba kwa wakati mmoja. Ukisikia mara ya kwanza unapata kelele nzuri sana, basi. Rudisha nyuma, mfuate Maddalena peke yake: kicheko chake kimeandikwa ndani ya noti, fupifupi, zinarukaruka, hamwamini huyo bwana hata kidogo. Rudisha tena, mfuate Gilda: sauti yake inakatikakatika inashuka, ni kwikwi zilizopangiwa muziki. Rudisha tena, sikiliza chini kabisa, baba ananguruma. Verdi aliwapa watu wanne mioyo minne ndani ya pumzi moja, halafu naambiwa heshima ya kazi hiyo ni kuisikia mara moja na kwenda kutafuta koti langu.

Haya, nakubali mambo mawili, kwa shingo upande. Maikrofoni ni mwongo. Mwenye sauti ya kujaza ukumbi na mwenye sauti ya kujaza sebule, kwenye rekodi wote wanakuja sawasawa, na hutajua nani angemezwa na okestra kubwa ya Wagner, yule mtunzi wa Kijerumani wa opera ndefu. La pili ni mwelekezaji wa kamera. Huyu ndiye anayenichagulia pa kutazama, na katika wimbo huohuo wa watu wanne, wakati mimi nataka kumwona Gilda pale ukutani, yeye ananiletea meno ya Mtawala. Kuna wengine wana ugonjwa wa kubadilisha picha kila baada ya sekunde tatu, kisha wanasogea karibu mpaka unahesabu majino ya soprano yaliyozibwa. Nimekuja kutazama opera, sikuja kumfanyia mtu uchunguzi wa koo. Na wale wanaomdaka mwimbaji wakati wa mapumziko, bado anahema, jasho linamtiririka, wakamuuliza anajisikiaje, Mungu anawaona.

Maandishi ya tafsiri, yale yanayokuonyesha maneno ya waimbaji wakiwa wanaimba, sitayatetea kwa kirefu. Toronto waliyarusha juu ya jukwaa mwaka 1983, wajuzi wakalia kwamba sanaa imekufa, Metropolitan wakayaweka mwaka 1995, na leo ukumbi mzima unasoma kimya kimya.

Kwa anayetaka kuanza: tovuti ya OperaVision wanaweka maonyesho kamili ya opera mtandaoni bure, ila wanayaondoa baada ya muda, kwa hiyo ukiona unachokitaka usikiweke kiporo. Vaa spika nzuri za masikioni. Zile za kompyuta zinaifanya okestra nzima isikike imefungiwa kwenye kopo. Simu iweke chumba kingine, hapo wenye tiketi wanatuzidi, wao angalau wanaona aibu kuiwasha. Kisha chagua kitu cha saa mbili hivi, Rigoletto au Tosca, wala usikubali mtu akupeleke kwa Wagner siku ya kwanza ili akupime.

Wagner atakuja kwa zamu yake. Mimi Götterdämmerung, opera yake ndefu kweli, naitazama tendo moja kwa jioni, na najua wapo watakaosema hiyo ni dharau. Huko Bayreuth, Ujerumani, kwenye ukumbi Wagner aliojijengea mwenyewe, mapumziko kati ya tendo na tendo ni saa nzima, watu wanatoka, wanakula, wanatembea bustanini. Yangu ni ya saa ishirini na kitu. Tumetofautiana kiasi tu.