Mali za Hohenzollern: haki ya ukoo au ya umma?

Ukoo wa Hohenzollern ulitawala Prussia, dola ya Kijerumani, kisha Ujerumani nzima, hadi tarehe 9 Novemba 1918. Ufalme ulikwisha siku hiyo. Ugomvi wa mali ukaendelea kwa zaidi ya miaka 100.

Hoja ya ukoo si ya kupuuzwa. Mwaka 1926 kura ya maoni ya kutaifisha mali za wafalme bila fidia ilipata ndiyo milioni 14.5, ikakwama kwa sababu zilihitajika karibu milioni 20. Baada ya hapo serikali ya Prussia na ukoo wakagawana mali hizo kwa mkataba. Kilichobaki kwa ukoo kilikuwa chao kihalali, hadi Wasovieti walipowanyang'anya mwaka 1945 pamoja na wenye mashamba makubwa wengine. Sheria ya 1994 iliruhusu familia za namna hiyo kulipwa fidia. Kwa nini wao wabaguliwe?

Kwa sababu sheria hiyohiyo inamnyima fidia aliyewasaidia Wanazi kwa kiasi kikubwa, na hapo ndipo anapoingia Mwanamfalme Wilhelm, mtoto wa Kaisari Wilhelm II (yule ambaye kilele cha Kilimanjaro kiliwahi kupewa jina lake). Aprili 1932 alitangaza hadharani kwamba atampigia kura Hitler. Tarehe 21 Machi 1933, katika sherehe ya Wanazi kanisani Potsdam, kiti cha Kaisari aliyekuwa uhamishoni kiliachwa wazi, na yeye akaketi nyuma yake, kila mtu akimwona.

Wanahistoria wanne waliandika ripoti kuhusu kama aliwasaidia Wanazi kiasi hicho, wakagawanyika wawili kwa wawili. Mmoja wa waliousaidia ukoo alidai kwamba Mwanamfalme hakuwa na uzito wowote kisiasa. Utetezi wa ajabu huo: ili Georg Friedrich, mkuu wa ukoo leo, alipwe fidia ya euro milioni 1.2 aliyodai, ilibidi babu wa baba yake aonekane si lolote si chochote. Halafu mwaka 2019 ikavuja kwamba ukoo uliomba pia haki ya kuishi bure katika kasri kama Cecilienhof la Potsdam. Hata waliokuwa wakiuonea huruma walichoka.

Mwaka 2023 Georg Friedrich aliiondoa kesi ya fidia. Mei 2025 yakatangazwa mapatano: vitu vya sanaa vipatavyo 27,000 vibaki makumbusho chini ya taasisi ya pamoja. Kwa watazamaji, ni ushindi. Mimi ningependa mahakama ingetoa hukumu kwanza, maana swali la Mwanamfalme sasa limebaki mikononi mwa wanahistoria tu.